Watu Mia Mbili na Sitini Waliosema Yote Mawili

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Bodi, mgeni wetu rasmi, Ndugu Mkurugenzi, waheshimiwa viongozi wetu wa dini, waheshimiwa viongozi wa vyama vya siasa, wakuu wa vitengo, wahojaji na makarani wenzangu, mume wa Bi Msimamizi, binti yake na wajukuu zake, ambao wametulia kuliko mimi, wageni waalikwa, mabibi na mabwana. Nawasalimu kila mmoja kwa heshima yake, na kama yupo niliyemruka, anisamehe, maana karatasi hii haikai vizuri mkononi.

Niombe radhi mapema kuhusu mpangilio wa salamu hizo. Nilipoambiwa nitazungumza kwa niaba ya vijana wa ofisi, nilihangaika siku mbili juu ya jambo moja tu: nani atangulie kutajwa, viongozi wa dini au viongozi wa vyama? Nikamuuliza mlinzi wa lango. Akasema, "Wa dini watangulie, binti. Mungu hana muhula." Nikamuuliza mpishi wetu. Akasema, "Watangulize wa vyama. Wa dini watakusamehe, ndiyo kazi yao." Nikamuuliza dereva, akaniambia niwachanganye, mmoja wa huku mmoja wa kule, kwa sababu hata nyumbani kwake ndivyo wanavyoishi. Watu watatu, majibu matatu, na kila jibu nililiona ni la haki. Mtu aliyeajiriwa kupanga maoni ya wananchi akishindwa kupanga salamu, je, si afadhali arudi kwao?

Lakini leo si siku yangu. Leo tunamuaga mama aliyekaa katika ofisi hii ya utafiti wa maoni miaka ishirini na sita, tangu ilipokuwa chumba kimoja chenye meza mbili na feni inayopiga kelele, tangu nchi yetu ilipoanza kuuliza watu wake wanaonaje. Wengi wenu mnamwita Bi Msimamizi. Wahojaji, akiwa hayupo, wanamwita Mama Rudi. Najua anajua, kwa hiyo sitoi siri.

Aliitwa hivyo kwa sababu ya kanuni yake moja, ambayo kila karani anayeingia ofisini hukaririshwa kabla hajaonyeshwa mahali pa kunywea maji. Katika dodoso letu kila swali lina visanduku: nakubali, sikubali, sijui. Mwananchi akitoa majibu mawili yanayopingana, mhojaji anatia alama kwenye visanduku vyote viwili na kuandika pembeni maneno yake kama alivyoyasema, bila kuyanyoosha. Fomu ya namna hiyo ikifika ofisini, hakuna karani, hakuna mkuu wa kitengo, hata Mkurugenzi, mwenye ruhusa ya kumchagulia mtu yule jibu. Fomu inarudishwa nyumbani kwake. Mhojaji anabisha hodi tena, anauliza tena. Akisema yote mawili tena, basi ameamua hivyo, na anahesabiwa peke yake, katika safu yake. "Kisanduku ni cha mwenyewe," Bi Msimamizi husema. "Wewe ni wa kubeba karatasi tu."

Niseme ukweli, mwanzoni niliiona kanuni hii kama ukaidi. Nimesoma, jamani. Nilifundishwa chuoni kwamba jibu lenye alama mbili ni kosa, na kosa linasafishwa. Siku yangu ya tatu kazini, Bi Msimamizi alinichukua twende naye kurudia fomu moja ya aina hiyo, nikaone.

Tulikwenda kwa mama mmoja fundi cherehani. Chumba chake kilikuwa cha mbele, mlango wazi, vitambaa vimening'inia mpaka dirishani, na pasi ya mkaa imewekwa juu ya kigae ili isiunguze meza. Swali lilikuwa la thelathini na moja, nami naomba mlikumbuke kwa sababu nitalirudia: Je, unakubali au hukubali kwamba kiongozi wa dini awaelekeze waumini wake wampigie kura nani?

Yule mama hakusimamisha mguu kwenye cherehani. "Si mlishakuja nyie?"

"Tulikuja," Bi Msimamizi akasema. "Ulisema unakubali, tena ukasema hukubali."

"Ndiyo."

"Ndiyo ipi, mama?"

"Zote mbili. Kiongozi wangu ndiye aliyemzika mama yangu, mvua inanyesha, watu wamekimbia, yeye amesimama. Neno lake nalisikia na nalifuata. Lakini kura ni yangu. Akinishikia mkono pale kwenye kisanduku, tutaheshimiana vibaya."

Mume wake akapaza sauti kutoka chumba cha ndani, "Waulize na mimi. Mimi najua msimamo wangu."

"Wewe nyamaza, hukuchaguliwa," mkewe akamjibu, kisha akatugeukia. "Mnaona? Huyo ndiye mwenye msimamo. Juzi alitoka ibadani anasema atampigia fulani, jana akatoka kunyolewa anasema fulani mwizi. Andika yote mawili, mdogo wangu. Usinipunguze."

Nikaandika. Tulipotoka nilimwambia Bi Msimamizi kwamba yule mama amechanganyikiwa. Akaniuliza, "Wewe ungejibuje?" Baba yangu hatoki nyumbani siku ya kura kabla hajasikia wazee wa ibada wamesemaje. Mama yangu hupiga kura kwanza, ndipo aende kusali, na anasema ni kwa makusudi. Mimi nimelelewa na wote wawili na nawaheshimu wote wawili. Mpaka leo, waheshimiwa, nikiwa nimesimama mbele yenu na shahada yangu, swali la thelathini na moja sina jibu lake.

Na siko peke yangu. Kinyozi mmoja tuliyemhoji alikubali mbele ya wateja, akakataa walipoondoka. Nilipomuuliza sababu alisema, "Dada, mimi nina wembe mkononi na shingo ya mtu mbele yangu. Hapo hata wewe ungekubaliana na kila mtu." Mzee mmoja mstaafu wa bandari alisema dini na siasa zisikutane kabisa, kisha akatuomba tuanze mahojiano kwa dua ili majibu yake yawe na baraka. Tuliomba. Naye akajibu maswali yote arobaini kwa utulivu mkubwa. Demokrasia yetu bado haijaota magego, na watu hawa ndio wanaoitafunia. Je, tuwaite waliochanganyikiwa? Au tuseme wanashika vitu viwili kwa sababu vyote viwili ni vyao?

Hapa, kwenye karatasi iliyopitishwa na ofisi ya uhusiano, imeandikwa nianze kumsifu Bi Msimamizi kwa uchapakazi wake na kumtakia mapumziko mema. Nitamsifu. Lakini siwezi kumsifu inavyostahili bila kusema jambo ambalo halimo katika karatasi hii, na naomba uvumilivu wa meza kuu, kwa sababu naogopa, na mtu anayeogopa husema mambo kwa mpangilio mbaya.

Mnakumbuka ripoti tuliyoizindua wiki mbili zilizopita. Mnakumbuka kilichotangazwa redioni na kuandikwa magazetini: kwamba wananchi hamsini na wanne kati ya kila mia wanakubali waelekezwe na viongozi wao wa dini nani wa kumpigia kura. Baadhi yenu mliopo hapa mlifurahi. Baadhi mlikasirika. Jumatatu ripoti hiyo inakwenda kwa kamati ya Bunge inayoandika sheria ya kampeni katika nyumba za ibada, na nimesikia kwamba namba ile ndiyo itakayofungua mjadala.

Namba ile ni yangu. Sina maana kwamba niliikokotoa. Nina maana kwamba niliitengeneza.

Ilikuwa hivi. Tulihoji watu elfu moja na mia mbili. Kwenye swali la thelathini na moja, mia nne arobaini na wawili walikubali, mia nne na sabini walikataa, ishirini na wanane walisema hawajui, na mia mbili na sitini walisema yote mawili. Fomu hizo mia mbili na sitini zilinifikia mezani wiki ambayo Bi Msimamizi alikwenda kumzika kaka yake. Ukitoa chache tulizokwisha kuzirudia, zilitakiwa kurudishwa nyumbani kwa watu. Gari moja lilikuwa gereji, jingine liko safarini, na zilikuwa zimebaki siku tano tu kukabidhi ripoti. Nikamuuliza mkuu wangu wa kitengo nifanyeje. Akasema, "Soma maneno ya pembeni, uamue. Si umesoma?" Simlaumu. Nilimuuliza nikitumaini atasema hivyohivyo.

Nikasoma maneno ya pembeni. Nilijitungia kanuni, nayo niliiona ni ya haki kabisa: jambo analolitaja mtu kwanza ndilo zito moyoni mwake. Aliyeanza na kukubali nikamweka waliokubali. Aliyeanza na kukataa nikamweka waliokataa. Mia mbili na watatu wakaenda upande mmoja, hamsini na saba upande wa pili. Hivyo ndivyo tulivyofika hamsini na nne. Nilimaliza kwa siku mbili, mwandiko safi, na nilipongezwa.

Bi Msimamizi aliporudi kutoka msibani aliniuliza swali moja tu: "Zenye alama mbili, umefuata kanuni?" Nikasema ndiyo. Akatia saini. Hakuhakiki hata fomu moja, kwa sababu alikuwa amechoka na kwa sababu aliniamini, na sijui kati ya hayo mawili lipi linaniumiza zaidi.

Siku kumi zilizopita nilitumwa stoo kufunga fomu hizo kwenye maboksi. Ya juu ilikuwa ya mama yule fundi cherehani. Nilikuwa nimemweka kwenye waliokubali. Mimi, niliyekaa kwenye benchi lake, niliyemsikia kwa masikio yangu akiomba asipunguzwe. Nikasoma tena alichosema, safari hii mpaka mwisho, nikaona sehemu niliyokuwa nimeishia kusoma. Niliishia kabla ya "lakini".

Nikaketi sakafuni nikazisoma zote, siku tatu, wakati wa chakula cha mchana. Karibu zote zilikuwa na umbo moja. "Kiongozi wetu ni baba yetu, tunamsikiliza, lakini." "Bila dini hakuna mtu, lakini." "Nani atabishana na mtumishi wa Mungu? Lakini." Ndugu zangu, nani kati yetu humkatalia mkubwa bila kumpa kwanza heshima yake? Unamwambia baba yako hapana kwa kuanza na "ni kweli, baba." Unakataa chakula cha jirani kwa kuanza na "kinanukia vizuri sana." Watu hawa walibisha hodi kwanza kabla ya kuingia ndani ya maoni yao, nami nikaandika hodi kama ndiyo mazungumzo. Nilihesabu adabu yao kama kura.

Wala sisemi kwamba kweli yao ilikuwa ile iliyokuja baada ya "lakini." Hilo nalo lingekuwa kuwachagulia. Kama nilivyosema, sijui. Wapo ambao nimesoma maneno yao mara nne na bado sijui. Ninachojua ni kwamba hawakuwa wangu wa kuwapanga.

Nilikaa kimya siku saba baada ya hapo. Mkataba wangu wa majaribio unaisha mwezi huu. Nina wadogo wawili nyumbani wanaojivunia dada yao anafanya kazi mahali penye zulia. Nilijiambia, Bi Msimamizi anaondoka Ijumaa, atakuwa na sherehe yake, ana wajukuu, kwa nini nimharibie? Nikaita woga wangu huruma. Ni jina zuri, lilinitosha kwa wiki nzima.

Leo asubuhi saa tatu na robo nilimkuta stoo, amekuja kuchukua miwani yake aliyoisahau, ameshavaa nguo ya sherehe. Nikamwambia. Sikusema vizuri kama ninavyosema sasa. Nilianza na gari lililokuwa gereji. Akanisikiliza mpaka nikamaliza, kisha akakaa juu ya boksi.

"Ngapi?"

"Mia mbili na sitini, Bi Msimamizi."

"Nilikuuliza ukasema ndiyo."

"Ndiyo."

"Saini yangu ya mwisho hiyo, mwanangu. Nimefanya kazi miaka ishirini na sita, na ya mwisho ndiyo hiyo."

Nikaanza kulia. Akaniambia niache, machozi yanalowesha fomu. Hakunikumbatia, na msidhani alinisamehe palepale. Sijui kama amenisamehe hata sasa, kwa sababu tangu nianze kuzungumza anatazama mikono yake. Lakini aliniuliza saa ngapi, nikamwambia. Akasema, "Mimi ni mtumishi wa ofisi hii mpaka saa kumi kamili. Ikifika saa kumi na dakika moja mimi ni bibi wa watu tu, na saini yangu ni ya kupokelea vifurushi. Tafuta hati ya masahihisho. Ukimaliza kuijaza, nenda kaandike upya hotuba yako."

Nikamwambia, "Bi Msimamizi, kwenye sherehe yako?"

Akasema, "Namba ilisemwa mbele ya watu. Unataka kuisahihisha chooni?"

Mheshimiwa Mwenyekiti, wakati wageni wakipokewa pale mlangoni, mimi na yeye tulikuwa ofisini kwake tunajaza hati hiyo. Niieleze kwa wasioijua. Ofisi yetu ikigundua kosa katika ripoti, kosa hilo husahihishwa kwa hati yenye saini tatu: ya karani aliyekosea, ya msimamizi yuleyule aliyetia saini ya kwanza, na ya Mkurugenzi. Msimamizi yule akiwa ameondoka kazini, hati haifai tena, na namba inabaki ilivyo mpaka utafiti mwingine, yaani miaka mitatu. Katika hati hii tumeandika kwamba kati ya kila watu mia, thelathini na saba walikubali, thelathini na tisa walikataa, wawili hawajui, na ishirini na wawili walisema yote mawili na karibu wote hawakurudiwa kama ilivyopasa, kwa kosa la karani. Hakuna upande uliozidi nusu. Hakuna wa kushangilia. Najua kamati ya Bunge itauliza, "Sasa wananchi wanataka nini?" na tutaonekana watu tusiojua kazi, kwa sababu tutajibu kwamba zaidi ya mmoja kati ya kila watano ana mambo mawili ya kusema, na hatukukaa naye mpaka akamaliza.

Viongozi wetu wa dini, nawaomba radhi, niliwapa mamlaka ambayo watu hawakuwapa. Viongozi wa vyama, nawaomba radhi, niliwatia hasira isiyokuwa na mizizi. Wahojaji wenzangu, mliotembea kwa mguu mkaandika kila neno hadi ukingoni mwa karatasi, mnisamehe kwa kuyakata katikati.

Bi Msimamizi, niliambiwa nikusifu, na hii ndiyo sifa niliyo nayo. Ungeweza leo asubuhi kuniambia ninyamaze. Ungekula keki yako kwa amani, na aibu ingenikuta mimi peke yangu siku nyingine, au isingemkuta mtu yeyote. Ukachagua wajukuu zako wasikie kwamba saini yako ya mwisho ilikuwa na kosa, ili isiwe ya mwisho. Sikuelewa ulipokuwa unanifundisha. Hata sasa sina hakika kama nimeelewa yote, ila naona vitabu vyangu vya chuo havikuwa na ukurasa huo.

Ndugu Mkurugenzi, sasa ni saa tisa na dakika arobaini. Sikukuletea hati hii mapema kwa sababu ulikuwa unampokea mgeni rasmi, na, niseme tu ukweli, kwa sababu niliogopa kwamba ofisini, mlango ukiwa umefungwa, ungeniomba tuliangalie jambo hili wiki ijayo, nami ningekubali. Kama hilo ni utovu wa nidhamu, na nadhani ni utovu wa nidhamu, nitalijibu Jumatatu mezani kwako, kama meza yangu bado itakuwepo.

Hati ninayo hapa. Saini ya kwanza ni yangu, imepinda. Ya pili ni ya Bi Msimamizi, imenyooka. Naishuka sasa hii ngazi niilete mezani kwako. Nakala zote tatu zimejazwa, na kalamu nimeijaribu, inaandika.

Nawashukuru nyote kwa kunivumilia mpaka mwisho wa maneno yangu, na Bi Msimamizi, nakushukuru wewe zaidi. Asanteni kwa kunipa masikio yenu.